Osteopathia kwa kipandauso: namna ya kulegeza shingo na kisogo nyumbani

Mshona kofia wa Lamu huketi barazani kabla jua halijawa kali, kitambaa kiko pajani, sindano inafuata tundu moja baada ya jingine. Kichwa kimeinama. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na kikikaa sawasawa juu ya mabega, mifupa ya shingo ndiyo inayokibeba. Kikiinama, mzigo huhamia kwenye misuli ya kisogo na ya mabega, nayo hukaza saa nenda saa rudi bila kupumzika, kama kamba ya tanga wakati wa kusi. Mtu huyu akiwa na kipandauso, shingo yake iliyokaza siyo iliyomletea ugonjwa, lakini ni mlango mmojawapo ambao maumivu hupitia. Mlango huo ndio tunaoushughulikia hapa kwa osteopathia, yaani tiba ya kupima na kulegeza viungo na misuli kwa mikono.

Kipandauso hakiponi kwa mikono, na anayekuahidi hivyo mkimbie. Kinachowezekana ni kupunguza ukali wa kichwa na idadi ya siku za maumivu kwa baadhi ya watu, hasa wale ambao shingo, taya na mabega yao yamekaza. Na kazi yenyewe hufanywa siku ambazo kichwa hakiumi. Wengi hukosea hapo: humwita mtu awakande kichwa kikishapamba moto, kisha husema mikono haisaidii.

Shingo inaingiaje katika maumivu ya jicho?

Kipandauso ni ugonjwa wa ubongo na neva, na mara nyingi huwa wa ukoo. Kisipotibiwa, kichwa huuma kwa saa 4 hadi 72, kwa kawaida upande mmoja, kikipwita, na mtu akipanda ngazi au akiinama huzidi. Huja pamoja na kichefuchefu au kuchukia mwanga na kelele. Baadhi ya watu kwanza huona miale, mistari inayometameta au doa linalotanuka mbele ya macho kwa dakika 5 hadi 60, ndipo kichwa kinapoanza.

Neva ya trijemia, inayoleta hisia za uso, macho na utando unaouzunguka ubongo, huteremsha nyuzi zake hadi sehemu ya juu ya ugwe mgongo. Hapo hukutana na neva tatu za mwanzo za shingo, na zote hutumia kituo kimoja. Kituo kikishachokozwa, ubongo hushindwa kutambua habari imetoka wapi, na ndiyo maana mtu mwenye fundo kwenye kisogo huapa kwamba jicho ndilo linalomuuma. Unaweza kujionea mwenyewe siku ya afya: weka ncha ya kidole chini ya ukingo wa fuvu, upana wa vidole viwili kutoka katikati, ubonyeze polepole. Wengi wenye kipandauso husikia maumivu yakipanda juu ya kichwa hadi nyuma ya jicho la upande ule ule.

Lakini kuna mtego. Shingo kuwa ngumu, pamoja na kupiga miayo ovyo, kutamani vitu vitamu au kwenda haja ndogo mara kwa mara, huweza kuwa dalili kwamba shambulio limekwisha kuanza ndani ya ubongo, saa kadhaa kabla ya maumivu. Ukizikuta dalili hizo kwa pamoja, usikimbilie kuivuta shingo. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya siku ya shambulio, chini huko.

Osteopathia yenyewe

Ilianzishwa Marekani na Andrew Taylor Still, aliyeutangaza mtindo wake mwaka 1874 na kufungua chuo cha kwanza Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Still mwenyewe alisimulia kwamba akiwa mtoto wa miaka kama kumi aliumwa na kichwa, akafunga kamba ya plau kati ya miti miwili karibu na ardhi, akaikunjia blanketi, akalaza shingo juu yake. Alilala usingizi, na alipoamka kichwa kimetulia. Usiige kamba ile. Ila uzito wa kichwa kutulia juu ya kitu kisichosogea, bila kusukumwa na mtu, ndio mbinu ya kwanza tutakayoifundisha hapa.

Watu wa pwani wana kuchua na kukanda kwao, kwa mafuta ya nazi au ya simsim, na mchuaji mzuri anajua mengi. Tofauti ni kwamba mchuaji hufuata palipouma, ilhali mtaalamu wa osteopathia huanza kwa kupima viungo kimoja kimoja: shingo inageuka nyuzi ngapi kulia na ngapi kushoto, mbavu za juu zinainuka mtu akivuta pumzi au zimelala, taya linafunguka sawa au linakwenda upande. Halafu hushughulikia kilichokwama, hata kama hakiumi. Hutumia nguvu ndogo kuliko watu wanavyotarajia. Kwa kipandauso nguvu ndogo si adabu tu. Neva zilizokwisha chokozeka hujibu ukali kwa ukali.

Kuhusu ushahidi: majaribio yaliyofanywa ni machache na wagonjwa wake si wengi. Baadhi yameonyesha siku za maumivu kupungua, lakini ni vigumu kumficha mgonjwa asijue kama ameguswa kwa matibabu au kwa kuigiza, kwa hiyo matokeo hayo tuyapokee kwa tahadhari. Lipo pia tawi la kichwa, lililoanzishwa na William Garner Sutherland, mwanafunzi wa chuo cha Still, linalodai kwamba mifupa ya fuvu husogea kwa mdundo unaosikika kwa vidole. Wataalamu wawili wakimpima mtu mmoja huwa hawakubaliani juu ya mdundo huo. Hatuoni sababu ya kulipia kitu hicho.

Kabla hujamgusa mtu

Usiruke sehemu hii hata kama unaharakishwa. Kichwa kilichokuja ghafla kama radi na kufika kileleni ndani ya dakika moja ni cha hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo kichwa chenye homa na shingo isiyoinama. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kugongana. Kichwa kipya kwa mtu aliyepita miaka 50. Kichwa baada ya kuanguka kutoka kwa punda, pikipiki au ngazi. Na kichwa cha mama mjamzito aliyepita wiki 20 ambaye anaona ukungu au amevimba uso na mikono. Huyu wa mwisho huenda ni kifafa cha mimba kinabisha hodi. Lamu mpelekeni King Fahd. Malindi hospitali ya serikali ipo mjini. Aliyeko Kizingitini au Faza apange boti mapema, asingoje maji yajae.

Homa ya kwetu nayo ina sura mbili za kuhadaa. Malaria huweza kuanza kwa kichwa, basi mwenye joto apimwe damu kwanza. Dengi huuma nyuma ya macho hasa, na pwani yetu imekwisha kuiona. Ukiishuku dengi, usimpe mgonjwa aspirini wala ibuprofeni kwa sababu huongeza hatari ya kutoka damu. Mpe paracetamol na umfikishe kwa daktari.

Kuna maumivu mengine yanayojifanya kipandauso, nayo ndiyo ya kuogopewa zaidi na mtu anayeshika shingo za watu: mpasuko katika ukuta wa mshipa mkubwa wa damu wa shingo. Dalili zake ni maumivu mapya ya shingo upande mmoja ambayo mgonjwa mwenyewe atakwambia hajawahi kuyasikia, pamoja na kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, kumeza kwa shida, kope moja kulala, au kuyumba anapotembea. Shingo hiyo haiguswi hata kidogo. Ndiyo maana pia tunakataza kabisa, nyumbani na kwa kinyozi, kule kukunja shingo ghafla ili ialike. Mlio ule hauongezi chochote kwa mwenye kipandauso, na shingo ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kubahatisha.

Usiifanyie kazi shingo ya mwenye baridi yabisi iliyokwisha haribu viungo, mwenye mifupa iliyokonda, mwenye saratani, wala aliyeumia shingo karibuni, mpaka daktari aruhusu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aguswe kwa wepesi tu.

Na mwanamke anayeona miale kabla ya kichwa, naye anatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, amwone mhudumu abadilishiwe. Mchanganyiko huo huongeza hatari ya kiharusi. Jambo hili halihusu mikono, lakini mara nyingi anayekaa na mgonjwa nusu saa akimsikiliza ndiye wa kwanza kuligundua.

Daftari la wiki nne

Kabla ya kuanza, andika kwa wiki nne: tarehe, saa kichwa kilipoanza, upande, ukali kutoka 0 hadi 10, dawa gani na vidonge vingapi, saa za usingizi, siku za hedhi, na saa ulizoinama kazini. Daftari la shule la kurasa 32 linatosha. Bila hilo hutajua kama mikono imesaidia, kwa kuwa kipandauso hupanda na kushuka chenyewe, na mtu huanza tiba wakati kiko juu kabisa, kikishuka akaisifu tiba.

Safu ya dawa iangalie kwa jicho kali. Anayemeza paracetamol au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, au dawa za maumivu za mchanganyiko, zenye kodini au za jamii ya triptani (dawa maalumu za kipandauso) siku 10 au zaidi, kwa miezi zaidi ya mitatu, anaweza kuwa anaumwa kwa sababu ya dawa zenyewe. Hapo shingo hata ilegezwe namna gani, kichwa kitarudi. Amwone daktari apunguziwe kwa mpango.

Kazi yenyewe

Chagua wakati baada ya Isha, siku isiyo ya maumivu, tumbo lisiwe limejaa. Msaidizi akate kucha na kunawa. Usitie mafuta, maana vidole vitateleza. Asifukize udi wala ubani chumbani, na asijitie manukato. Harufu kali huchokoza wengi.

Anza na kifua, si shingo. Hii huwashangaza watu, lakini shingo hukaa juu ya mgongo wa juu, na mgongo ukiwa umepinda kama upinde, kichwa lazima kisukumwe mbele ili macho yaone njia. Kunja taulo au leso mbili ziwe mviringo wa unene wa sentimita 8 hivi. Lalia mkeka ulio juu ya godoro jembamba, magoti yamekunjwa, mviringo ukiwa umekatiza mgongo usawa wa ncha za chini za mabega ya nyuma, kichwa juu ya mto mwembamba. Mikono iwe wazi pembeni. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne ukijaza mbavu za chini, itoe kwa hesabu ya sita. Mara kumi. Kisha sogeza mviringo juu kidogo, upana wa vidole vitatu, urudie. Ukisikia kiuno kinauma, mviringo ni mnene mno au uko chini mno. Kidevu kikielekea dari, mto ni mwembamba mno, ongeza.

Sasa kisogo. Hapa ndipo penye faida kubwa na makosa mengi, basi twende taratibu.

Mgonjwa alale chali, uso ukitazama dari, kidevu kimeshuka kidogo kana kwamba anaitikia. Msaidizi aketi kichwani pake, viwiko na mikono yote hadi kifundo vikiwa vimelala juu ya godoro. Viwiko visipotulia, baada ya dakika moja vidole vitaanza kutetemeka, na mgonjwa atasikia tetemeko hilo hata asipolisema. Shingo yake itakaza kujilinda. Ingiza mikono chini ya kichwa, viganja vikielekea juu. Kwa ncha za vidole tafuta ukingo wa fuvu nyuma, ule mfupa mgumu uliopinda. Teremka chini yake tu, unene wa kidole kimoja, mpaka uguse nyama laini kabla ya mfupa wa shingo kuanza. Vidole vitatu kila mkono, vya kati vikiwa kama sentimita mbili hadi nne kutoka katikati. Simamisha vidole vitazame dari kama vigingi, na uache kichwa kiteremke juu yake.

Halafu usifanye chochote. Msaidizi hasukumi, uzito wa kichwa ndio unaofanya kazi. Mwanzo nyama chini ya vidole ni ngumu kama mkanda wa ngozi. Baada ya dakika moja na nusu au mbili huanza kuachia, upande mmoja kabla ya mwingine, na vidole huzama wenyewe kama vinavyozama katika unga wa maandazi ulioumuka. Kichwa huwa kizito zaidi viganjani. Pumzi ya mgonjwa hushuka tumboni, mara nyingine tumbo hunguruma. Ikifika hapo, vuta kichwa kuelekea kwako kwa nguvu ya kuburuta kitabu kidogo juu ya meza, bila kukiinua, kwa dakika moja. Achia polepole ukihesabu hadi kumi. Zote jumla dakika tano.

Mgonjwa na msaidizi wasemezane kwa ufupi. "Hapo panafika jichoni?" "Panafika, lakini panavumilika." Basi kaeni hapo. Akisema panachoma, sogea nje kidogo au punguza. Akisema kizunguzungu, kichefuchefu au ganzi usoni, toa mikono, na msirudie siku hiyo. Ikijirudia siku nyingine, aonwe na daktari.

Makosa yanayoonekana sana ni haya. Vidole kukaa chini mno, katikati ya shingo: kidevu huinuka na shingo ikakunjika nyuma, kinyume cha tunachotaka. Vidole kwenda pembeni mno mpaka vikakutana na mapigo ya mshipa: rudi katikati. Kusugua: misuli hii ni mifupi, minne kila upande, nayo hujibu utulivu kuliko msuguano. Na haraka. Sekunde thelathini hazitoshi kitu. Ni sawa na kufunua sufuria ya wali kila saa ukitaka uive.

Asiye na msaidizi achukue mipira miwili ya tenisi, aitie katika soksi moja, afunge fundo ili isiachane, aiweke mahali pale pale chini ya fuvu na alale juu yake dakika tatu hadi tano. Chini pawe mkeka na leso, si sakafu tupu. Mipira ikiwa migumu, taulo lililokunjwa litafaa badala yake. Usitikise kichwa huku na huku juu ya mipira.

Kisha mabega, ukiwa umeketi. Kalia mkono wa kulia kitini, au shika ukingo wa kiti, ili bega lisipande. Laza sikio la kushoto kuelekea bega la kushoto mpaka usikie mvuto wa kwanza, usipite hapo. Weka kiganja cha kushoto juu ya kichwa, upande wa kulia. Sukuma kichwa kuelekea kiganja kwa sehemu moja tu ya tano ya nguvu zako, kiganja kikizuia, kichwa kisisogee, kwa sekunde tano hadi saba. Achia, vuta pumzi mbili. Utaona kichwa kinashuka nukta kidogo chenyewe. Kifuate hadi mvuto mpya. Rudia mara tatu, kisha upande wa pili. Vijana wenye nguvu huharibu hapa: husukuma kama wanashindana mieleka, au huvuta kichwa kwa mkono. Mkono ni ukuta, si ndoano.

Upande wa mbele wa shingo, msuli unaotoka nyuma ya sikio hadi mtulinga hurusha maumivu kipajini na karibu na jicho. Geuza uso kulia, nao utajitokeza kushoto. Ushike kwa kidole gumba na cha shahada kama unavyoshika upindo wa nguo, sekunde kumi kila sehemu, ukiteremka kutoka karibu na sikio hadi katikati. Ukisikia mapigo kati ya vidole, umeshika mahali sipo, achia. Upande mmoja kwa wakati, kamwe si pande zote mbili pamoja. Mzee, au mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa mishipa, aiache kabisa hatua hii.

Taya ni la dakika mbili tu. Uma meno, gusa misuli inayovimba mbele ya sikio, achia meno, kisha pitisha vidole vitatu polepole kutoka shavuni kushuka chini mara kumi, mdomo umefunguka kidogo. Anayetafuna muguka, miraa au tambuu mchana kutwa anaushughulisha msuli huu bila likizo, na kumkanda usiku huku kesho anarudi kutafuna hakutafika mbali. Anayesaga meno usingizini amwone daktari wa meno.

Ratiba inayofaa: taulo, mabega na taya kila siku, dakika kumi na mbili hivi, kisogo na msaidizi mara mbili kwa wiki. Kesho yake misuli inaweza kuuma kidogo kwa siku moja au mbili, na hilo ni la kawaida. Kikija kipandauso ndani ya saa 24 baada ya kazi mara mbili mfululizo, umekaza mno au umekaa muda mrefu mno. Punguza nusu.

Siku ya shambulio

Watu wengi siku hiyo hawavumilii kuguswa. Hata chanuo kwenye nywele huuma, mto huuma. Hiyo ni neva zimechokozeka, si udhaifu wa moyo, na mgonjwa asilazimishwe. Dawa inywewe mapema, ndani ya saa ya kwanza maumivu yakianza, maana baadaye tumbo hulala na dawa hubaki humo bila kuingia mwilini. Kwa mtu mzima asiye na kizuizi, ibuprofeni miligramu 400 au paracetamol miligramu 1000. Mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu asitumie ibuprofeni bila kuuliza. Chumba kiwe na giza na kimya, jambo gumu mtaani Langoni, lakini nyumba za mawe zina chumba cha ndani chenye ukuta mnene, na hicho ndicho chake. Barafu iliyofungwa kitambaani iwekwe kisogoni au kipajini dakika 10 hadi 15.

Akiomba mikono, mpe kitu kimoja: shika kisogo katika viganja viwili bila kuchoma vidole, bila kuvuta, dakika mbili, ukimwachia pumzi ndefu za kutoa. Basi. Kutapika mara nyingi na kushindwa kushusha hata maji, au kichwa kuvuka saa 72, ni safari ya hospitali.

Ukitaka mtaalamu

Wenye taaluma hii ni wachache Kenya, na aliyeko Lamu au Malindi huenda asimpate karibu. Mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini, aliyesajiliwa, anazijua mbinu nyingi kati ya hizi; mwombe waziwazi kazi ya shingo ya juu na mgongo wa juu kwa mikono, bila kualisha. Akija mgeni anayejiita mtaalamu wa osteopathia, na Malindi na Shela hutua wengi, muulize alisoma wapi na kwa muda gani. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango cha saa 4,200 za masomo kwa anayeanza bila elimu ya tiba, zikiwemo si chini ya 1,000 za kuhudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Cheti cha kozi ya wikiendi hakiko hata karibu. Fahamu pia kwamba aliyesomea Marekani ni daktari kamili anayeandika dawa; wa Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya si daktari, ila ana taaluma yake.

Ziara ya kwanza huchukua dakika 45 hadi 60, na sehemu kubwa ni maswali. Asiyekuuliza kuhusu dawa, hedhi, ajali na miale ya macho, asiyekupima shinikizo la damu, akaanza kushika shingo mara tu umelala: amka uvae. Mwonyeshe daftari lako. Kataa mpango wa kulipia ziara kumi na mbili mbele. Nne hadi sita katika wiki nane zinatosha kuonyesha kama kuna kitu.

Yanayorudisha kazi nyuma

Kahawa chungu ya jioni barazani haina ubaya kwa kila mtu, lakini anayekunywa vikombe vitano kila siku na kuacha ghafla siku ya kwanza ya Ramadhani ataumwa na kichwa kabla ya Alasiri, kwa kukosa kafeini. Apunguze kikombe kimoja kila siku tatu tangu katikati ya Shaabani, na ale daku, anywe maji ya kutosha usiku. Mwenye mashambulio makali yanayohitaji dawa mchana aulize daktari na shekhe mapema. Mgonjwa ana ruhusa yake.

Mng'ao wa maji wakati wa kaskazi huweza kusumbua macho kuliko jua la juu, kwa kuwa hutoka chini ya ukingo wa kofia. Nahodha na mvuvi wavae miwani ya jua. Mshona kofia ainue kazi badala ya kuinamisha shingo: mto mmoja juu ya mapaja unapandisha kitambaa sentimita kumi na tano, na mgongo uegemee ukuta wa baraza. Kila akimaliza sindano ya uzi, ainue macho atazame mwisho wa ujia, pumzi tatu, kisha atunge uzi mwingine. Anayechukua ndoo kichwani apishane na kuibeba mkononi, nusu nusu pande mbili. Anayelala kifudifudi, shingo imegeuzwa upande usiku kucha, huanza asubuhi na deni; alale ubavu, mto ukijaza nafasi kati ya sikio na bega.

Baada ya wiki nane hesabu tena siku za maumivu katika daftari. Zikiwa zimepungua kwa theluthi au zaidi, endelea na dakika zako kumi na mbili, na kisogo mara moja kwa wiki kinatosha. Zikiwa zile zile, acha bila kujilaumu, umwone daktari kuhusu dawa za kinga za kila siku. Daftari lako ndilo la kwanza atakaloliomba. Na zikifika 15 au zaidi kwa mwezi, usingoje hizo wiki nane.